Ukiona Gari Lapanda, Limepimwa

Unga Limited, kule Arusha, yuko fundi mmoja mzee ambaye kazi yake haianzi na spana. Inaanza na swali. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji yake pale kijana mmoja alipoingia na Land Cruiser safi, akamwamkia shikamoo, kisha akaeleza haja yake: gari liinuliwe, livalishwe matairi ya inchi 35, na liwe tayari kabla ya wikiendi. Mzee aliitikia marahaba, akajifuta mikono, akachuchumaa na kuchungulia chini ya gari kwa muda mrefu. Aliposimama akauliza, "Mwanangu, gari hili linaishi wapi?" Kijana akarudia habari ya matairi. Mzee naye akarudia swali lake: linapanda mlima gani, linabeba nini, linakimbia barabara ipi? Kijana hakuwa na jibu. Aliondoka kwenda kutafuta gereji isiyouliza maswali, na nina hakika hakuikosa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Maneno yale ni ya vyombo vya baharini, lakini yanalitosha kabisa gari linalopanda kutoka kreta ya Ngorongoro likiwa limejaa wageni. Kreta ile ina kina cha mita 600 hivi, na ukingo wake umepita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini ya 1HZ ya lita 4.2, inayobeba sehemu kubwa ya safari zetu za mbugani, haina turbo ya kuisaidia kuvuta pumzi. Wageni humsifu dereva, na dereva huisifu injini. Wachache hukumbuka kwamba nguvu ya injini haifiki barabarani mpaka ipite kwenye vipande viwili vya chuma ndani ya difu, krauni na pinioni, na kwamba yuko mtu aliyekaa akaamua vipande hivyo viwe na meno mangapi.

Siku hizi gari huinuliwa ili litazamwe. Springi ndefu hufungwa asubuhi, na jioni picha zimeshasambazwa. Lakini springi huinua bodi tu. Difu hubaki pale pale ilipokuwa, ikisubiri kugonga jiwe lile lile. Kinachoinua difu ni tairi, nalo hutoa kwa mkono wa birika: ukitoka inchi 31 kwenda 35, umepata inchi mbili tu chini ya ekseli, kwa kuwa nusu ya nyongeza iko juu yake. Kwa inchi hizo mbili unalipa mengi. Tairi kubwa hutembea mbali zaidi kwa kila mzunguko, hivyo gia zote huwa za mbio kuliko alivyokusudia aliyelitengeneza gari. Mlima uliokuwa wa gia ya tatu sasa unataka ya pili, klachi inanuka, breki zinazidiwa. Hata saa ya mwendo husema uongo: ikionyesha 80, gari linakwenda 90.

Dawa yake ni hesabu ambayo mzee huiandika sakafuni kwa chaki. Difu ya 4.10 (yaani meno ya krauni ukiyagawanya kwa ya pinioni), zidisha kwa 35, gawanya kwa 31, unapata 4.63. Tatizo ni kwamba meno ya 4.63 huyapati dukani. Utakayoyakuta ni ya 4.56 au ya 4.88, na hapo ndipo lile swali aliloulizwa kijana linapodai jibu lake. Mtu anayekwenda Dodoma na kurudi Dar es Salaam kila wiki atapewa 4.56, injini isilie njia nzima ya lami. Gari linalopanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, kisha likateremka kreta na kuipanda tena, msimu mzima, litapewa 4.88. Mzee hafichi gharama yake: pinioni ya 4.10 ina meno kumi, ya 4.88 ina manane, na kadiri meno yanavyopungua ndivyo pinioni inavyokuwa ndogo na kuchoka mapema chini ya mguu mzito. Husisitiza pia kwamba difu ya mbele na ya nyuma zibadilishwe pamoja. Anayebadilisha moja ili aokoe fedha, siku atakapotia fowili kwenye ardhi kavu, ekseli mbili zitavutana mpaka kitu kikatike.

Liko jambo moja la kazi hii ambalo sichoki kulifikiria. Tazama hesabu za meno zenyewe: 37 kwa 9, 41 kwa 10, 41 kwa 9, 39 kwa 8. Hutapata namba inayozigawanya zote mbili isipokuwa moja. Haikutokea kwa bahati. Waliozipanga walitaka kila jino la pinioni likutane na kila jino la krauni kabla ya kurudi kwa lile la kwanza. Kama namba zingegawanyika kwa pamoja, jino lenye dosari lingerudi kwa wale wale wachache, mzunguko hadi mzunguko, likiwatafuna mpaka liwamalize. Kwa mpango huu, dosari hugawanywa kwa wote, na hakuna jino linaloonewa. Sijui mahali pengine ambapo hesabu imefanya uadilifu wa namna hii ndani ya giza la oili, pasipo mtu wa kuuona.

Si hayo tu. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani mpaka nyuso zao zizoeane, kisha hupigwa alama moja inayofanana. Tangu siku hiyo ni mke na mume. Ukitwaa krauni ya huyu ukaiunganisha na pinioni ya yule, hata kama hesabu ya meno ni sawa, zitalia. Nimemwona mzee akipokea seti iliyonunuliwa kwenye spea za mtumba, akaifuta mafuta, akapitisha kidole gumba juu ya chuma akiitafuta alama ile kwa ngozi kabla ya kuitafuta kwa macho. Alama hazikulingana. Aliifunga seti kwenye gazeti lake, akamrudishia mwenyewe, akakataa kuifunga kwenye gari. Alikuwa amepoteza kazi ya siku hiyo, na hakuonekana kujutia chochote.

Kufunga meno yenyewe ni ibada ya uvumilivu. Mzee hupaka rangi nyembamba kwenye meno machache ya krauni, huizungusha mbele na nyuma huku ameikazia kwa mkono, kisha huisoma alama iliyobaki. Alama ikikaa chini karibu na shina la jino, pinioni imeingia mno. Ikikaa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali. Hufungua kila kitu, hubadilisha kibati chembamba kuliko ukucha, hufunga upya, hupaka tena. Baina ya jino na jino huacha nafasi isiyofika robo ya milimita, nayo huipima kwa saa ndogo ya kupimia anayoihifadhi ndani ya soksi safi. Wengine humaliza kazi hii kabla ya chai ya saa nne. Kwake yeye inaweza kulala hadi kesho. Lakini gari lake likitoka halilii ukikanyaga mafuta wala ukiachia, na mwenyewe huagizwa aende polepole kilomita mia chache za mwanzo, kisha arudi oili imwagwe na kuwekwa nyingine.

Ekseli nzima nayo huchaguliwa kwa moyo huo huo. Kwenye ekseli ya nyuma ya Hilux, hafu shafti huzungusha gurudumu na papo hapo hubeba uzito wa gari. Ikikatika, gurudumu laweza kuondoka nayo. Kwenye ekseli za Land Rover Defender uzito hubebwa na hausingi yenyewe, na hafu shafti haina kazi nyingine ila kuzungusha. Ikikatika unaichomoa, unaifunga difu ya kati, unafika nyumbani kwa ekseli ya mbele. Aliyewahi kukwama porini jua likizama anajua thamani ya tofauti hiyo. Kwa hiyo anayetaka kupachika ekseli nzito chini ya gari jepesi hupimiwa upana, hutazamwa difu ya mbele imekaa upande gani ili propela ikutane nayo, huangaliwa pembe ya propela isiue msalaba, na mipira ya breki isivutike tairi likining'inia.

Ufundi huu una umri wake hapa kwetu. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na kwa miaka mingi difu ya 4.7 ilikuwa sehemu ya nguvu yake ya kuvuta. Baadaye zilipokuja gari za ukoo wa Range Rover zenye difu ya 3.54, mafundi waligundua kwamba difu hiyo inaingia kwenye Land Rover kongwe, na mzunguko wa injini unashuka kwa robo nzima kwa mwendo ule ule. Waliokaa tambarare walifurahi, na waliokaa milimani walizirudisha za zamani. Kenya nayo ina mashindano ya Rhino Charge tangu mwaka 1989, ambako magari hutakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyepita umbali mfupi kuliko wote, yaani aliyekata moja kwa moja makorongoni. Fedha zinazochangwa humo zilisaidia kujenga uzio wa msitu wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Uzio ule ulijengwa pia kwa mikono ya watu waliolala chini ya magari wakisoma alama za rangi kwenye meno.

Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover za kila umri kwenye tamasha lake, na watu walipiga picha za bodi, taa na rangi. Ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini nilitamani pawe na jukwaa dogo la kuwaita waliozitengeneza difu za magari hayo zisikatike njiani. Spana boi wa leo hujifunza kufungua na kufunga, na si kosa lake: mteja hataki kumlipa kwa saa anazotumia kupima, hulipa kwa kile anachokiona kimebadilishwa. Kupima hakuonekani, basi kumekuwa bure, na kilicho bure hakifundishwi. Mzee hana mwanafunzi. Waliokuja walikaa mpaka wakajua kushusha giaboksi, wakaenda kufungua gereji zao mahali penye wateja wenye haraka.

Mwenye gari, ninakuomba jambo moja. Kabla hujataja ukubwa wa tairi, taja mlima wako, mzigo wako na barabara yako. Mtafute fundi atakayekuuliza hayo, na umlipe muda wa kupima kama unavyolipia chuma anachokufungia. Ukiwa na kijana nyumbani mwenye akili ya hesabu na mikono isiyoogopa oili, mpeleke akae karibu na mzee wa namna hii, ajifunze kupima pamoja na kufungua. Meno ya difu yanaagizwa kutoka ng'ambo na yatazidi kuja. Mtu wa kuyapanga haagizwi, hulelewa hapa hapa au hukosekana.