Wahazini Tusiowaona

Stokvel ya Soweto, ambayo sisi tungeiita upatu au kibati, husimama juu ya mhazini. Watu humkabidhi randi zao, naye huandika daftarini na kugawa Desemba senti kwa senti. Nikimfikiria huyo, nawakumbuka ndugu zake wa mbali: waandishi wa programu huria za blokucheni.

Katika baadhi ya blokucheni hizo, mwenye sarafu humkabidhi mthibitishaji, yaani mwenye kompyuta inayosaini bloku, uzito wa dhamana yake, si sarafu zenyewe. Katika Cosmos Hub, iliyoanza Machi 2019, kanuni ni kali: mthibitishaji akisaini bloku mbili mahali pa moja, 5% ya dhamana hukatwa, pamoja na ya waliomwamini. Anayejitoa husubiri siku 21. Waandishi hao wameziandika kanuni hizo mstari kwa mstari, hadharani, yeyote akosoe.

Ugumu wenyewe uko kwenye chenji. Atomu moja, yaani sarafu ya mtandao huo, ina vipande 1,000,000, na gawio la kila aliyeweka dhamana lazima litoke sawasawa katika kila kompyuta. Mbili zikitofautiana kwa kipande kimoja, hazikubaliani tena, na zikitofautiana nyingi mnyororo husimama. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa namba nzima, hukatwa kuelekea chini, na mabaki huenda mfuko wa jumuiya. (Mhazini gani hajawahi kukesha kwa senti mbili?)

Kosa la waandishi hao huonekana mnyororo ukisimama. Usahihi wao haumshtui mtu. Desemba hii, kabla hujahesabu gawio lako, mvutie mhazini kiti.