Kunusurika na Kunusuriwa: Msuko wa Mawimbi katika Michezo ya Video

Istilahi ya msuko imezoeleka katika uhakiki wa riwaya, tamthilia na ngano, na ni nadra kuiona ikitumiwa kuhusu michezo ya video. Sababu si ngumu kuibaini. Michezo hii, hususan ile ya kunusurika ambamo mchezaji hujaribu kubaki hai huku maadui wakimjia makundi kwa makundi, huonekana kuwa haina kisa cha kusimulia: adui anakuja, anauawa, anakuja mwingine. Hata hivyo, maadui hao hawaji kiholela. Yupo mtu aliyeketi akaamua waje wangapi, watokee upande upi, baada ya muda gani, na mchezaji aachiwe nafasi ya kuvuta pumzi mara ngapi. Hoja inayoendelezwa katika makala hii ni kwamba mpangilio huo ndio msuko wa mchezo, na kwamba maana yake haimo katika wingi wa adui. Imo katika kimya kinachotenganisha wimbi na wimbi, na katika jinsi mchezo unavyomtendea yule anayeelekea kushindwa.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa kigezo. Kunusurika ni kuponea chupuchupu bila ya kutajwa aliyeokoa. Kunusuriwa ni kuokolewa na mtu au kitu fulani. Tofauti ya viambishi ni ndogo, lakini tofauti ya maana ni ya kimaadili. Mchezo wowote wa aina hii humwahidi mchezaji jambo la kwanza. Swali la mhakiki ni kama humpa hilo, au humpa la pili kwa siri.

Chimbuko la muundo wa mawimbi halina budi kutajwa, ingawa kwa ufupi. Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito nchini Japani mwaka 1978, una wavamizi 55 waliopangwa safu tano za kumi na mmoja kumi na mmoja, na ngao nne tu za kujihifadhia. Mtambo wa wakati huo uliwasogeza wavamizi mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kadiri walivyopungua ndivyo mzunguko ulivyokamilika upesi, nao wakaenda mbio zaidi. Nishikado aliuona udhaifu huu wa mtambo, akauacha. Kutokana na hali hiyo kukapatikana kinaya ambacho mtunzi wa tanzia angekionea fahari: kila adui anayeuawa humfanya aliyesalia kuwa wa hatari zaidi. Noti nne za muziki zinazoteremka huongeza kasi sambamba nao, na kilele cha wimbi hakiwi pale adui ni wengi, bali pale amebaki mmoja. Baada yake hakuna mwafaka. Safu mpya inatokea. Aristotle alidai kwamba kisa kamili kina mwanzo, kati na mwisho. Hapa mwisho ni mmoja tu, nao si wa mchezaji kuuchagua.

Kazi iliyoielewa zaidi hali hii ni Missile Command, iliyobuniwa na Dave Theurer wa kampuni ya Atari, Marekani, mwaka 1980, wakati ambapo hofu ya vita vya nyuklia haikuwa jambo la kubuni. Mchezaji ana miji sita ya kulinda na vituo vitatu vya makombora, kila kituo kikiwa na makombora kumi kwa kila wimbi. Hana nchi ya kushambulia. Hakuna kitufe cha kulipiza kisasi. Kazi yake ni kupasua makombora ya adui angani kabla hayajatua. Theurer amewahi kueleza kwamba alipokuwa akiutengeneza mchezo huu alikuwa akiota ndoto mbaya za shambulio la nyuklia, na hilo linasadikika kwa yeyote aliyewahi kuucheza hadi mawimbi ya mbali, ambapo makombora ya adui hugawanyika angani na akiba ya mchezaji haitoshi. Hapo ndipo uteuzi unapokuwa maudhui. Mchezaji huanza kuacha mji mmoja uteketee ili mwingine uishi, na hakuna msimulizi wa kumwambia kama amefanya haki.

Kimya cha mchezo huu kinastahili kuangaliwa kwa makini. Wimbi linapokwisha, skrini huanza kuhesabu: kombora moja moja lililosalia, kisha mji mmoja mmoja uliosimama, kila kimoja na mlio wake na alama zake. Kwa mtazamo wa juujuu hii ni tuzo. Kwa hakika ni orodha ya mali iliyobaki inayosomwa mbele ya makaburi, na mchezaji husikia idadi ya milio ikipungua kutoka wimbi hadi wimbi. Hatimaye, miji yote inapoangamia, skrini haitangazi kwamba mchezo umekwisha, kama ilivyokuwa ada ya michezo ya enzi hiyo. Inatangaza tu kwamba huu ndio mwisho, kwa maandishi yanayolipuka.

Kasoro ipo. Mchezaji akifikisha alama kadhaa hupewa mji mpya, na kwa hiyo maangamizi yanaweza kufidiwa kwa ustadi wa kulenga shabaha. Jambo hili linapunguza makali ya tanzia. Kuna huruma nyingine ndani ya mchezo, iliyofichika zaidi: katika wimbi moja adui hawezi kuteketeza zaidi ya miji mitatu. Lakini huruma hii ni sheria. Inamhusu stadi na mwanagenzi kwa kipimo kile kile, haimtazami usoni anayecheza. Aliyebaki na mji mmoja baada ya wimbi la kumi na mbili kwa hakika amenusurika.

Miaka 28 baadaye hali ilibadilika. Left 4 Dead, mchezo wa mwaka 2008 kutoka Turtle Rock Studios na Valve, unawaweka watu wanne, Bill, Francis, Louis na Zoey, katika miji na mashamba yaliyojaa watu waliogeuzwa wakatili na maradhi. (Kuwaita ndondocha kungekuwa kosa la kifasihi. Ndondocha wa masimulizi ya Waswahili anafanyishwa kazi na mchawi na anastahili kuonewa huruma. Hawa hawana bwana.) Hapa mawimbi hayakupangwa moja kwa moja na binadamu. Yanapangwa na programu ambayo watengenezaji waliipa jina linalolingana na la mwelekezi wa mchezo wa kuigiza. Mbunifu wake mkuu, Michael Booth, alieleza hadharani mwaka 2009 jinsi Mwelekezi huyu anavyofanya kazi. Humkadiria kila mchezaji mkazo wa hisia: mkazo hupanda anapojeruhiwa, anapoangushwa chini, au adui anapofia karibu naye, hushuka kadiri muda unavyopita bila mapigano. Mkazo ukifika upeo, Mwelekezi hudumisha kilele kwa sekunde chache, kisha huacha kuleta makundi, akaruhusu utulivu wa takriban sekunde 30 hadi 45, ndipo aanze upya.

Hakuna mtambaji wa ngano asiyeujua mbinu hii. Fanani hodari huisoma hadhira yake, akarefusha pale inapotweta na kuufupisha wimbo pale inapochoka. Kwa maana hiyo Mwelekezi ni hatua kubwa ya kisanaa, na taharuki inayopatikana katika mchezo huu ni nadra kupatikana katika ule uliopangiwa makundi yasiyobadilika. Aidha, Booth alisisitiza kwamba kinachorekebishwa ni mwendo, si ugumu. Utetezi huu una uzito lakini hautoshi. Kwa mtu aliyejeruhiwa, aliyebakiwa na risasi tano, sekunde 40 za kimya ndizo uhai wenyewe. Mwendo na ugumu havitenganiki. Fanani aliyeisoma hadhira hakuwa akiamua nani katika hadhira hiyo afe. Mchezaji anayetoka kwenye kichochoro akihema, akidhani ameponea kwa ushujaa wake, huenda amenusuriwa na mkono asiouona, na tofauti na wahusika wa tenzi za kale, hajui amshukuru nani.

Left 4 Dead unajikomboa kwa njia mbili. Ya kwanza ni wimbi la kuitwa. Katika sehemu ya nne ya kampeni ya No Mercy, ndani ya hospitali, wachezaji hawana budi kuita lifti, na mlio wake huwaleta maadui kwa mamia ya nyayo. Kabla ya kubonyeza kitufe hakuna wimbi. Watu wanne wanaweza kusimama, kugawana dawa, kubishana nani alinde mlango upi. Kimya hicho hakikupimwa na programu; ni cha kwao, na balaa linalofuata ni la kujitakia kwa lazima, jambo ambalo ndilo kiini cha uamuzi wa mhusika wa tanzia.

Ya pili ni adui asiyekuja. Mahali fulani gizani mwanamke huketi akilia. Akisumbuliwa kwa tochi au kwa risasi, anaweza kumwangusha mtu kwa pigo moja. Akiachwa, hafanyi lolote. Mchezo mzima umemfunza mchezaji kupiga, na hapa unamtaka azime taa apite. Watunzi wa tenzi walijua kwamba hatari haipimwi kwa wingi: katika Utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hila za mfalme na watu wake hazifui dafu, ila shujaa anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba.

Vampire Survivors, uliobuniwa na Luca Galante na kukamilishwa mwaka 2022, hauhitaji maneno mengi. Mawimbi yake hufuata jedwali la dakika, kila dakika na kima chake cha chini cha maadui; wakipungua chini ya hapo huongezwa, hadi kikomo cha 300. Silaha zinafyatuka zenyewe. Dakika ya 30 Mauti yanatokea na kumchukua mchezaji, naye huhesabiwa kuwa amefaulu. Uwazi huu kuhusu kifo unapendeza kuliko hila za Mwelekezi. Ila kimya kimehamia dukani: mchezo husimama tu pale mchezaji anapochagua silaha mpya, na hofu haina mahali pa kukaa.

Ulinganisho huo unamrudisha mhakiki kwenye vyumba vya usalama vya Left 4 Dead, vyenye milango myekundu, vinavyotenganisha sehemu na sehemu. Wachezaji wasipotoka, wimbi halianzi. Ukuta umejaa maandishi ya waliopita mapema: majina ya jamaa wanaotafutwa, maelekezo ya njia, ugomvi, na dhihaka za waliokuja baadaye kuwajibu. Hakuna alama zinazotolewa kwa kuyasoma. Wachezaji wengi huchukua risasi, wakafungua mlango wa pili.