Rafiki ni Msiri: Kosa la Cyrano Halikuwa Kupenda

Vijana wetu wana msemo unaonikera. Mvulana akimpenda msichana, naye msichana akamjibu kwamba afadhali wabaki marafiki tu, husemwa kwamba jamaa "amewekwa frenzoni". Ukiusikiliza vizuri utadhani urafiki ni rumande, mahali mtu anapofungiwa akingoja kesi yake isikizwe upya. Hata hivyo, nyuma ya mzaha huo mna swali zito: je, urafiki unaweza kudumu iwapo mmoja anapenda kimapenzi na mwenzake hapendi hivyo?

Tuanze na sarufi. Kitenzi 'penda' hakibagui. Mtu hupenda ugali, hupenda nchi yake, hupenda mamake na hupenda mchumba wake. Mtangazaji wa redio humwita 'mpenzi msikilizaji' mtu ambaye hajawahi kumtia machoni, na hakuna anayeshtuka. Kinachotenganisha mambo ni kauli ya kutendana. Juma anampenda Asha ni habari moja. Juma na Asha wanapendana ni habari nyingine kabisa. Urafiki nao umejaa kauli hiyo: kujuana, kutembeleana, kusaidiana, kutaniana. Ndiyo maana wengi huhitimisha haraka kwamba kiambishi hicho kikikosekana katika 'penda', basi urafiki mzima umepasuka. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu nautoa katika tamthilia ambayo kwa kawaida husomwa kinyume.

Tamthilia yenyewe ni *Cyrano de Bergerac* ya Mfaransa Edmond Rostand, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza jijini Paris mnamo Desemba 1897. Wengi wanaifahamu kupitia filamu, kama ile ya 2021 ambamo Peter Dinklage anaigiza nafasi ya Cyrano. Cyrano ni askari, mshairi na mpiganaji wa upanga asiyeogopa mtu, ila ana pua kubwa mno inayomfanya aamini hakuna mwanamke atakayempenda. Anampenda Roxane. (Roxane ni binamu yake pia, jambo ambalo kwa Waswahili wa pwani si kizuizi cha ndoa, ingawa kwa jamii zetu nyingi za bara ni mwiko.) Katika onyesho la pili, kwa ombi la Roxane, wanakutana faraghani katika duka la Ragueneau, mwokaji keki. Cyrano anamngoja humo akiandika barua ya mapenzi kwa mkono wake, akitumaini. Kumbe Roxane amekuja kumwambia anampenda Christian, kijana mtanashati aliyejiunga na kikosi chao, na kumwomba amlinde. Cyrano anaahidi. Barua inabaki mfukoni.

Yanayofuata yanajulikana. Christian ana sura lakini hana maneno, kwa hivyo Cyrano anamwandikia barua, na usiku mmoja chini ya roshani anamnong'onezea mistari ya kurusha, hadi mwishowe anazungumza mwenyewe gizani kana kwamba ndiye Christian. Roxane anaolewa na Christian. Vita vinawachukua wanaume hao hadi Arras, mji uliozingirwa mwaka 1640, na huko Christian anauawa. Roxane anaingia katika nyumba ya watawa. Miaka 15 inapita, na kila Jumamosi Cyrano huja kumsimulia habari za mjini.

Wasomaji wengi hutokwa na machozi hapa, wakisema huo ndio urafiki wa kweli: mtu amemeza mapenzi yake miaka yote hiyo ili asimpoteze mwenzake. Hapana bwana. Hebu tulitazame jambo hili kwa macho ya Roxane. Kwa miaka 15 anaombolezea barua ambazo aliyeziandika ameketi mbele yake, akimchekesha. Kila Jumamosi kuna mtu mmoja bustanini anayejua ukweli na mwingine asiyeujua.

Kiswahili kina neno linalotufaa hapa. Pamoja na rafiki, sahibu na mwandani, tuna msiri, yaani yule unayemwamini na siri zako. Roxane anamfanya Cyrano msiri wake tangu siku ile dukani. Cyrano hamfanyi Roxane msiri wake hata siku moja. Siri yake anayo Le Bret, rafiki yake wa kiume, ambaye anaambiwa kila kitu katika onyesho la kwanza kabisa. Kwa kipimo cha lugha yetu, basi, kilichokosa kutendana baina ya wawili hawa hakikuwa kupenda tu. Kilikuwa kuambiana. Na pengo la pili ndilo lililoula urafiki wao.

Mtu atauliza: je, angesema, Roxane asingetoroka? Huenda. Kuna urafiki mwingi uliovunjika baada ya neno 'nakupenda', na sababu moja ni kwamba kwetu neno hilo husikika kama hati ya madai. Anayelitamka hungoja alipwe, na anayeambiwa huhisi amekopeshwa bila kuomba. Huko ndiko frenzoni ilikozaliwa, katika dhana kwamba kupenda ni deni.

Lakini Rostand mwenyewe ametuwekea mfano mwingine ambao wahakiki huupita mbio. Kabaila De Guiche naye alimtaka Roxane, tena waziwazi, na alipogundua ameolewa na Christian akawaamuru wanaume hao waende vitani usiku uleule. Ni ubaya mkubwa. Hata hivyo, katika onyesho la tano tunamkuta amezeeka, amekuja kumjulia hali Roxane, na wanazungumza kwa utulivu wa watu wasio na kitu cha kufichana. Roxane alijua De Guiche alitaka nini, akakataa, na miaka mingi baadaye anaweza kumpokea. Sisemi hao ni marafiki wa chanda na pete. Nasema tu kwamba mwanamke huyo alipewa nafasi ya kuamua, nafasi ambayo rafiki yake mpenzi hakumpa.

Siku ya mwisho Cyrano anachelewa kwa mara ya kwanza. Gogo limemwangukia kichwani njiani na yu mahututi, lakini anaingia akitania kama kawaida, na Roxane anaendelea kutarizi bila kugeuka. Giza linapotanda anaomba aisome barua ya mwisho ya Christian, na anaendelea kuisoma hata baada ya macho kushindwa kuona maandishi. Hapo ndipo Roxane anapotambua. Anamuuliza, naye anakana, anakana tena. Hata jeraha amelificha chini ya kofia.