Heko, Mkaangaji wa Kitimoto

Mkaangaji wa kitimoto wa Dodoma hana mapambo. Unaagiza nusu kilo ya nguruwe, inapimwa mbele ya macho yako, inakatwa vipande vidogo na kutupwa karaini. Shahamu inayeyuka, nyama inajikaangia humo humo. Ufundi wake uko masikioni: mlio ukiwa wa kutokota, maji hayajaisha, ukianza kupasuka-pasuka, rangi inakuja. Kisha vitunguu, hoho, chumvi, na ndimu mwishoni. Ana haraka, lakini haraka yenye mpaka. Nguruwe huweza kubeba tegu, basi hakipakuliwi kipande chenye wekundu.

Kule Vietnam, majumbani, nguruwe na kamba hukaangwa pamoja kwa mchuzi wa samaki na sukari kidogo. Sisi wa uwanda huu bahari hatuna (kamba wetu ni wa barafu, bei usiulize), ila tuna Bwawa la Mtera na samaki wake wa kukaanga, kando ya barabara ya Iringa. Wa kuweka nguruwe na samaki hao karai moja bado sijamwona.

Ukipita Dodoma, agiza kavu. Rosti waachie wenye meno mabovu.