Sifa za Mwashi wa Chokaa

Anayetafuta nyumba ya kununua katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, hasa zile zenye duka chini na makazi juu zilizopangana Hurumzi na Mkunazini kuta zimeshikana, mara nyingi huoneshwa lipu iliyobambuka, sakafu iliyobonyea na bati linalovuja, kisha huambiwa kwamba ikibomolewa ndani na kupigwa zege itakuwa mpya. Ushauri huo ndio unaoua nyumba. Kinachouzwa pale, ukitoa kiwanja, ni kazi ya mwashi wa chokaa, na thamani yake imo katika jambo ambalo wengi huliona kasoro: ulaini wake.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, nene karibu nusu mita. Hunywa maji ya masika na ya ardhini, kisha huyatoa kiangazi. Chokaa, iliyochomwa kutokana na matumbawe yaleyale kwa joto la digrii 900 hivi, huyapisha. Chumvi ikija nayo, kinachoharibika ni lipu, kitu rahisi kurudishia, na jiwe likabaki. Saruji huziba njia. Ni kumvalisha mtu nailoni juani: nje pakavu, ndani jasho. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda hadi zilipolalia boriti, na ncha za boriti hizo za mikoko huoza pasipoonekana. Tena ukuta ni wa nyumba mbili. Boriti za jirani zimelalia humohumo. Mwashi stadi hulijua hilo kabla ya kushika mwiko. Hugonga na kusikiliza palipo wazi ndani, huloweka chokaa majuma kadhaa, hupaka tabaka jembamba na kulinyunyizia maji lisikauke upesi, maana chokaa haikomai kwa jua. Hurudi kuwa jiwe kwa kuivuta tena hewani ile kaboni iliyoiacha tanurini.

Watasema saruji huwa tayari kesho, na chokaa hudai kurudiwa kila baada ya miaka michache. Kweli, na fundi wake hapatikani kirahisi. Lakini lipu ya saruji ikibanduka huondoka na uso wa jiwe, na hasara hiyo hairudishiki. Hoja nzito zaidi ni ya wakaaji: wanataka choo cha ndani na umeme, wala hawakununua makumbusho. Wapewe. Bomba lipite nje ya ukuta, likivuja lijulikane siku hiyohiyo. Boriti iliyooza ncha isitupwe, kwani mikoko haikatwi ovyo siku hizi. Ikipunguzwa, bado inafaa ujia mwembamba. Mji huu una mamlaka ya uhifadhi tangu 1985 na uliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, hivyo kibali lazima kiombwe, ila kibali hakipigi lipu. Mnunuzi, kabla hajauliza bei, aulize nani aliupaka ukuta mara ya mwisho, na kwa nini.