Digrii 5 za Kisigino

Mwaka 1951 John Charnley, daktari wa mifupa wa Manchester, aliandika namna ya kuunga kifundo cha mguu kilicholika: pini hupitishwa kwenye muundi na kwenye mfupa wa talusi ulio chini yake, kisha hukazwa kwa nje mpaka mifupa ibanane, iungane, kifundo kisicheze tena. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kusifika duniani kwa nyonga za bandia, zinazocheza. Siku hizi skrubu mbili tatu huzamishwa ndani, ila kazi bado ni ile ile.

Wengi wanaofikia kuungwa kifundo hawakuponzwa na uzee. Walipata ajali, mguu ukavunjika, ukaunga kombo, gegedu likasagika miaka na miaka hadi mfupa ukakutana na mfupa.

Daktari huanza kwa kukwangua gegedu lililobaki. Kusema ni rahisi. Talusi ina mgongo na muundi una bonde lake, na anayekwangua ovyo huharibu namna vilivyokaana. Akimaliza hutoboa vishimo kwa keekee, akabandua kwa patasi vigamba kama vya samaki. Mfupa mweupe mkavu haumfurahishi. Anasubiri vitone vyekundu vijitokeze, mithili ya pilipili ya unga iliyonyunyizwa.

Halafu pembe. Goti haliingizwi chini ya mashuka, maana yeye hulitazama ili ajue vidole vielekee wapi. Unyayo na goko digrii 90. Kisigino kiegemee nje kama digrii 5. Vidole navyo vitazame nje kidogo, vifanane na vya mguu mzima. Vikiinama chini, goti litasukumwa nyuma kila hatua. Kisigino kikilalia ndani, mtu atakanyagia ukingo wa unyayo mpaka aote sugu, na dawa yake ni kukatwa mfupa upya.

Mimi namvulia kofia zaidi yule anayeuliza kabla hajashika kisu: choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa? Unaswali chini? Kifundo kilichoungwa hakichuchumai tena, wala hakilali vizuri kwenye tahiyatu.

Baada ya upasuaji fundi hana la kufanya ila kungoja. Wiki 6 hivi mguu uko ndani ya hogo, magongo kwapani, sigara marufuku kwa sababu huchelewesha mfupa kuunga. Baada ya miezi 3 hivi, mambo yakienda sawa, picha ya eksirei inaonyesha ule mstari mweusi katikati ya mifupa umefifia, na vijiuzi vyeupe vimevuka kutoka muundi kuingia kwenye talusi.