Bordeaux hadi Santillana kwa gari: ratiba ilivyopangwa

Kwenye ramani, kusini magharibi mwa Ufaransa na kaskazini mwa Hispania panaonekana rahisi. Kutoka Bordeaux hadi Bilbao ni kama kilomita 335, barabara kuu mwanzo hadi mwisho. Urahisi huo ndio unaoharibu ratiba nyingi: mtu anahesabu kilomita, anajaza miji kumi, kisha likizo yake inakwisha akifungua na kufunga masanduku. Ratiba ninayoichambua hapa ni ya watu wanne kutoka Mombasa, nasi tuliipanga kinyume. Tulianza na mambo yasiyosogezeka, barabara zikafuata.

La kwanza lisilosogezeka ni viza. Viza ya Schengen inakufungulia nchi zote mbili, lakini ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi. Usiku zikilingana, ni ile utakayoingia kwanza. Kwa hiyo kabla ya kugusa hoteli yoyote tuligawa usiku: Bordeaux 1, Sarlat 3, Pau 1, Pamplona 1, Santillana del Mar 3, San Sebastián 3, na Bordeaux tena 1. Ufaransa 6, Hispania 7. Wanatua Paris, lakini ombi ni la ubalozi wa Hispania. Ukiongeza usiku mmoja Sarlat na kupunguza mmoja San Sebastián, hesabu inakuwa 7 kwa 6 na faili zima linahamia kwa Wafaransa. Wapo wanaobadilisha mpango baada ya kujaza fomu, na hapo ndipo maafisa huanza kuuliza maswali.

Usiku hizo zinaunda duara, na duara lina sababu yake ya kifedha. Kuchukua gari Ufaransa na kuliacha Hispania huvuta ada inayoweza kufikia mamia ya euro, wakati mwingine kuzidi kodi ya gari lenyewe. Tukaamua gari lianzie na kuishia Bordeaux. Kutoka Paris hadi huko ni treni ya mwendo kasi, saa 2 na dakika chache tangu njia mpya ilipofunguliwa mwaka 2017. Mtu aliyekesha ndani ya ndege asishike usukani siku hiyohiyo, hasa akiwa wa kwetu anayeendesha kushoto. Ndiyo maana usiku wa kwanza ni Bordeaux, na gari linachukuliwa asubuhi yake. Kadi ya mkopo iwe kwa jina la dereva, leseni ya kimataifa iambatane na ya nyumbani, na kampuni iambiwe mapema kwamba gari litavuka mpaka. Gari la gia za kujiendesha lazima liombwe waziwazi, kwa kuwa kule mengi ya kukodi ni ya gia za mkono.

Kilichowavuta hasa watu hawa ni mapango yenye michoro ya kale, na hapo kalenda ilishika hatamu. Lascaux, lililogunduliwa mwaka 1940, lilifungwa mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaharibu michoro. Leo unaona nakala yake kamili pale Montignac, iliyofunguliwa Desemba 2016. Altamira nalo lilifungwa kwa umma mwaka 2002, na nakala yake iko kwenye makumbusho jirani. Nakala hizo zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa na zinastahili safari. Lakini mimi nilisisitiza kila upande uwe na pango moja la asili ambalo bado linapokea wageni: Font-de-Gaume huko Les Eyzies, na El Castillo huko Puente Viesgo. Pango hili la pili lina duara jekundu ambalo wanasayansi mwaka 2012 walikadiria kuwa na umri usiopungua miaka 40,800. Kusimama mbele yake ni jambo ambalo nakala haiwezi kukupa. Wageni huingizwa kwa vikundi vidogo, hivyo tiketi hizi zilinunuliwa kabla ya kitu kingine chochote kulipiwa.

Kisha ikaja Jumatatu. Makumbusho ya Altamira hufungwa siku hiyo, na Guggenheim ya Bilbao pia katika sehemu kubwa ya mwaka. Jumapili Altamira hufunga saa tisa alasiri. Sarlat soko lake kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Tukausogeza mwanzo wa safari mpaka soko likaangukia ndani ya usiku za Sarlat na Bilbao ikapitiwa siku ambayo milango iko wazi.

Kuvuka milima tulichagua Somport. Kutoka Oloron-Sainte-Marie hadi Jaca ni chini ya kilomita 100, na handaki la kilomita 8.6 lililofunguliwa mwaka 2003 halilipiwi. Bonde la Aspe ni zuri mno, lakini njia moja haitoshi kwenye mpango. Septemba 2024 mafuriko yalibomoa barabara upande wa Ufaransa karibu na Urdos, ikafungwa kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo njia ya akiba iliandikwa kwenye ratiba tangu mwanzo: kupitia Saint-Jean-Pied-de-Port na Roncesvalles, moja kwa moja hadi Pamplona.

Tofauti ya saa na kilomita inaonekana wazi zaidi Cantabria. Barabara ya A-8 kando ya bahari ni bure na ya kasi. Kilomita 100 unazimaliza kwa saa moja. Ukiiacha pale Unquera kuelekea Potes, kilomita zisizofika 40 zinakula karibu saa nzima, kwa sababu unapita korongo la La Hermida, kuta za mawe pande zote na kona moja baada ya nyingine. Mbele yake, Fuente Dé, kuna kibanda kinachopandishwa kwa waya takriban mita 750 juu ya bonde. Siku hiyo haina jambo jingine kwenye ratiba.

Chakula nacho kina saa zake. Ufaransa jikoni hufunga mnamo saa nane mchana. Hispania ndipo watu wanakaa mezani, na cha usiku huanza saa tatu. Ukivuka mpaka, tumbo lijiandae. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwani nyama yake huingia hata kwenye dengu na supu. Pwani yote ya Wabaski samaki ni wengi na wazuri.

Tarehe tuliweka mwanzoni mwa Septemba. Julai 6 hadi 14 Pamplona ina San Fermín, na Agosti barabara ya A63 hulemewa na Wafaransa wa likizo pamoja na familia za Wamorocco waendao kwao. Huduma ya Bison Futé hupanga foleni za Ufaransa kwa rangi, kijani hadi nyeusi. Tuliifuata, tukaweka safari ya kurudi Bordeaux siku ya katikati ya wiki.

Kuhusu usukani: kiplefti kinazungukwa kulia, aliye ndani ana haki, na kwenye makutano yasiyo na alama gari linalotoka kulia hupita kwanza. Kasi ya juu barabara kuu ni 130 Ufaransa, 110 mvua ikinyesha, na 120 Hispania. Pasipoti ziwe karibu, maana polisi hukagua mpakani Biriatou.

Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Atakayeondoka mwanzoni mwa Septemba anaweza kulipeleka tangu mwanzoni mwa Machi, nami namsihi asingoje Julai.